Asiyejibu kwa Kinywa: Namna ya Kumsikiliza Mpakani na Kituoni

Yeyote avukaye mpaka wa Gatumba huyajua maswali yetu. Jina lako nani? Watoka wapi? Waenda kwa nani? Umebeba nini? Mama auzaye ndagala, aliyeizoea njia ya Uvira, huyajibu yote kabla hatujamaliza kuyauliza, kisha akaendelea na safari yake. Kwa Kirundi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, kazi hiyo huchukua nusu dakika. Ndivyo ilivyo pia Kobero na Mugina. Lakini ndugu wasomaji, maswali hayo yamejengwa juu ya dhana ambayo hatuitamki kamwe, nayo ni kwamba kila tunayemuuliza anayo sauti ya kutujibu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja, kijana mmoja alishuka kutoka katika basi. Miguu yake ilikuwa ikipishana, kichwa kikimwendea upande, na mate yakimtiririka. Alipoulizwa jina alitoa mlio mzito usiofanana na neno lolote. Mwenzetu aliyekuwa zamu akahukumu kuwa huyu amelewa, tena asubuhi asubuhi. Akamweka kando na, kama utaratibu unavyotaka, akamtoa vilivyokuwa mifukoni: fedha kidogo, karangamuntu, na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, yenye vijipicha vilivyochorwa kwa kalamu. Vyote vikatiwa ndani ya bahasha, na bahasha ikawekwa katika droo.

Kijana alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri. Alipiga kelele na kunyoosha mkono kuelekea meza yetu. Kadiri alivyonyoosha mkono, ndivyo tulivyozidi kumwona mkorofi. Kwenye saa tisa dada yake, aliyekuwa ametangulia na mizigo, alirudi akihema kumtafuta. Aliomba ile karatasi, akaikunjua juu ya mapaja ya kaka yake, na kijana akaanza kugusa picha kwa kifundo cha kidole. Kiu. Choo. Dada. Hasira. Picha ya hasira aliigusa mara mbili.

Tulikuwa tumemnyang'anya mtu kinywa chake tukakifungia ndani ya droo. Hakuna aliyekusudia ubaya siku ile, na jambo hilo ndilo linalotusumbua hadi leo, kwa sababu kosa lisilokusudiwa hurudiwa kwa urahisi kuliko lililokusudiwa.

Karatasi ile ina jina katika taaluma. Wataalamu huiweka katika kundi la mawasiliano saidizi na mbadala. Ni saidizi pale mtu anapokuwa na sauti au maneno machache yasiyotosha, akahitaji kitu cha kuyaongezea nguvu. Ni mbadala pale sauti inapokuwa haipo kabisa, kitu kingine kikashika nafasi yake. Kitu hicho chaweza kuwa ishara za mkono, macho yanayotazama juu kwa ndiyo na chini kwa hapana, kikombe halisi kinachoinuliwa kuomba maji, ubao wa picha, ubao wa herufi, au simu yenye programu inayotamka maneno yaliyoguswa. Mtu mmoja hutumia kadhaa kwa pamoja, kama sisi wenye kusema tunavyotumia mdomo, mikono na nyusi.

Wanaozihitaji njia hizo si wa aina moja. Wamo waliozaliwa na mtindio wa ubongo, ambao misuli ya ulimi haiwatii kama ile ya miguu isivyowatii. Wamo wenye usonji. Wamo wazee waliopigwa na kiharusi wakapoteza maneno usiku mmoja, baada ya miaka sitini ya kuzungumza. Wamo waliofanyiwa upasuaji wa koo. Wengi wao husikia vizuri kabisa, kwa hiyo kuwapigia kelele sikioni, jambo tulilolizoea, hakuwasaidii wao wala sisi.

Hapa yafaa tuondoe mkanganyiko mmoja. Viziwi wana lugha ya alama, nayo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Wanafunzi wa shule ya Ephphatha huitumia kupigiana soga kwa kasi inayotuzidi. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha hiyo. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye vidole vyake haviwezi kuunda alama, hatanufaika na mkalimani huyo hata kidogo. Kumwita mkalimani asiyehusika, kisha kuandika katika ripoti kwamba mhusika "ameshindwa kueleza," ni kumdhulumu mtu kwa muhuri wa serikali. Na tukiwa hapo hapo: lugha zetu zenyewe zimemwonea mtu huyu. Kirundi humwita *ikiragi*, katika ngeli moja na *ikintu*, yaani kitu. Kiswahili nacho kina kiziwi, kipofu na kiwete, kama ilivyo kwa kiti na kikombe. Hatutabadilisha sarufi ya wazee wetu, lakini askari anapoandika "bubu" mahali pa jina, tungependa afute na aandike jina.

Dhana iliyo nzito zaidi ni ile inayofungamanisha ulimi na akili. Wasomaji wetu wanaosoma Kifaransa huenda wamesikia habari za Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle, aliyepatwa na kiharusi mwezi wa Desemba 1995. Alibaki akiweza kupepesa jicho la kushoto tu. Msaidizi alimsomea herufi moja moja, zikiwa zimepangwa kuanzia zile zitumikazo zaidi katika Kifaransa, yaani E, kisha S, kisha A. Bauby akapepesa herufi aliyoitaka ilipofikiwa. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima, kikachapishwa mwaka 1997. Mwanasayansi Stephen Hawking naye, alipopasuliwa koo mwaka 1985 akapoteza sauti, alianza kwa kuinua nyusi mtu alipogusa herufi sahihi kwenye kadi, kabla ya kupata kompyuta iliyomsemea. Kwa Kirundi au Kiswahili orodha ya herufi ingeanza na A. Hakuna fedha inayohitajika hapo, ila karatasi na subira.

Hata hizo picha zina historia inayowahusu watu wa mipakani. Karl Blitz, mhandisi wa kemia aliyezaliwa mwaka 1897 katika mji wa Czernowitz, alifungwa katika kambi za Wanazi huko Dachau na Buchenwald, akakimbilia Shanghai, na baada ya vita akahamia Australia kwa jina la Charles Bliss. Katika mji wake wa kuzaliwa watu wa lugha mbalimbali walichukiana. Huko China akaona maandishi yanayosomwa na watu wasioelewana kwa maneno ya mdomo. Akabuni mfumo wa alama, akautangaza katika kitabu cha mwaka 1949. Karibu hakuna aliyeujali, mpaka mwaka 1971, walimu wa kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu huko Toronto, Kanada, walipoujaribu kwa watoto wasioweza kusema. Mkimbizi alitaka kuyapatanisha mataifa. Kumbe kazi yake ilikuwa inawangoja watoto wale.

Sheria haituachii nafasi ya kusema kwamba haya ni hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unayataja mawasiliano saidizi na mbadala katika kifungu cha 2 na tena katika kifungu cha 21, unaoitaka dola kuyakubali katika shughuli rasmi. Kifungu cha 13 kinataka watendaji wa haki wapewe mafunzo, na kinawataja polisi na askari magereza waziwazi. Burundi iliuridhia mwaka 2014, kisha ikatunga sheria yake yenyewe ya tarehe 10 Januari 2018 ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Majirani zetu, Tanzania, Rwanda na Kongo, nao wamo katika mkataba huo. Haki hiyo basi haiishii kwenye kizuizi cha barabara.

Ni nani basi wa kutusaidia? Katika nchi tajiri jibu ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Kwetu wataalamu hao ni adimu mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha mwaka 2008, nacho kimekuwa chemchemi ya wengi wanaofanya kazi Afrika Mashariki. Hapa Bujumbura, anayemjua mtoto asiyesema mara nyingi ni mwalimu wa kituo kama Akamuri, kinachowalea watoto wenye ulemavu wa akili, au mfanyakazi wa Saint Kizito, ambako watoto wenye ulemavu wa viungo hutibiwa na kusomeshwa. Huko vijijini ni mama, dada, au *umuremeshakiyago* anayepita nyumba kwa nyumba kwa shughuli za afya. Hao wote tunawahesabu kuwa wenzetu kazini.

Lakini kazi yao kituoni ina mpaka wake, na lazima tuuchore. Msaidizi anakuja kutufundisha namna mhusika anavyosema. Haji kusema kwa niaba yake. Kabla ya swali lolote la kesi, atuoneshe ndiyo yake ikoje na hapana yake ikoje, nasi tuijaribu kwa mambo tunayoyajua: "Leo kunanyesha?" "Mimi ni mwanamke?" Tukiridhika, tunaandika katika jalada: kwa ndiyo hutazama juu, kwa hapana hufumba macho. Mstari huo mmoja unaweza kuokoa ushahidi wote mbele ya hakimu.

Baada ya hapo inakuja shida ambayo hata askari mwema huangukia. Kwa kuwa ndiyo na hapana ni rahisi, tunajikuta tukisimulia kisa sisi wenyewe na kumwachia mhusika kazi ya kukubali. "Alikupiga? Kwa fimbo? Jana usiku?" Mtu aliyechoka, au aliyezoea maisha yake yote kuwaridhisha wanaomhudumia, atasema ndiyo mara tatu. Swali kama "ilikuwa nini?" huku ubao ukiwa wazi mbele yake ni la polepole zaidi, ila jibu lake ni lake. Pale ambapo hakuna budi kuuliza la ndiyo na hapana, tuligeuze baadaye, tuulize kinyume chake, tuone kama jibu nalo linageuka. Na siku zote pawepo njia ya kusema "sijui," "sikumbuki," na "neno ninalolitaka halimo humu."

Muda nao ni ushahidi. Sisi tunaosema kwa mdomo hutoa maneno 150 au zaidi kwa dakika moja. Anayeelekeza picha au herufi mara nyingi hafikishi 15. Maelezo ambayo kwa mwingine yangechukua robo saa, kwake yatachukua asubuhi nzima, pamoja na mapumziko, maana shingo na mkono huchoka. Tumeshuhudia wenzetu wakimkamilishia mhusika neno kwa kukisia baada ya herufi mbili. Kukisia kunaruhusiwa iwapo yeye mwenyewe anathibitisha kila mara; vinginevyo tunaandika maelezo yetu juu ya jina la mtu mwingine.

Kuna hatari moja tunayotaka ijulikane hata kwa wazazi. Katika miaka ya 1990, huko Marekani, ilienea njia ambayo msaidizi hushika mkono au kiwiko cha asiyesema na "kumwezesha" kuandika kwenye kibodi. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha yakaja mashtaka mazito dhidi ya wazazi kutokana na maandishi yale. Watafiti walipomwonesha msaidizi picha moja na mhusika picha nyingine, lililoandikwa lilikuwa jina la picha aliyoiona msaidizi. Wasaidizi hawakuwa waongo. Mikono yao iliandika bila wao kujitambua. Kwa sababu hiyo, kituoni, mkono usishikwe. Ubao waweza kushikwa, kiti kikasogezwa, kichwa kikaegemezwa kwa mto, lakini anayechagua picha awe yeye peke yake. Asipoweza kwa mkono, atumie macho. Asipoweza kwa macho, sisi tuguse moja moja naye aashirie inapofikiwa ile anayoitaka, kama alivyofanya Bauby.

Tumefika mahali pagumu. Mhalifu anayetafuta mtu wa kumdhulumu humtafuta asiyeweza kumtaja. Julie Marshall na Helen Barrett wa chuo kikuu kimoja cha Manchester, pamoja na mwenzao Angello Ebengo, walilichunguza jambo hili miongoni mwa wakimbizi nchini Rwanda, wakaandika mwaka 2017 kuhusu hatari ya ukatili wa kijinsia inayowakabili watu wenye ulemavu wa mawasiliano, na vikwazo vinavyowazuia kufika kwenye huduma. Matokeo yao hayakutushangaza sana. Aliyetendewa akifika, anaulizwa kwa maneno. Akiletwa na jamaa, jamaa ndiye anayeulizwa, na jamaa huyo wakati mwingine ndiye mtuhumiwa, au ndugu wa mtuhumiwa, au mtu aliyekwisha kupokea mbuzi ili jambo liishe nyumbani.

Saa hazingoji mpaka tuelewane. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo tunapomwona binti asiyesema ana dalili za kuumizwa, hatuanzi na maelezo. Tunampeleka kwanza kwenye matibabu. Hapa Bujumbura kuna kituo cha Seruka, na Gitega kuna Humura. Maelezo yatafuata, mbele ya wenzetu wa ulinzi wa watoto na maadili, na msaidizi atakayechaguliwa na binti mwenyewe, ikiwezekana mwanamke asiye wa nyumba ile. Sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 inayopambana na ukatili wa kijinsia haikuweka sharti kwamba aliyetendewa awe na sauti.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kimo ndani ya ubao wenyewe. Mbao nyingi hutengenezwa na watu wazima wenye upendo, wakaweka humo chakula, maji, choo, kulala, kucheza, mama, baba. Mtoto anakua hadi miaka kumi na saba akiwa na maneno ya kuomba na hana neno hata moja la kukataa wala la kushtaki. Diane Bryen na Juan Bornman, walioongoza kitabu juu ya kukomesha ukatili dhidi ya watu wenye ulemavu kilichotolewa Pretoria mwaka 2014, wameutilia mkazo ukweli huu: asiye na neno kwenye ubao hawezi kulifikisha mahakamani. Tunawaomba wazazi, bila haya, waongeze viungo vyote vya mwili, "acha," "sitaki," "aliniumiza," "siri," "ninaogopa," na picha au majina ya watu wote wanaoingia nyumbani, wakiwemo wale tunaowaamini. Tunajua baadhi ya mama watasema picha hizo ni aibu. Tumeshika majalada ambayo aibu iliyokuwamo ilikuwa ya namna nyingine.

Wale wanaoishi kando ya Rusizi wanakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2025, makumi ya maelfu ya watu walipovuka kutoka Kongo wakikimbia vita, wengine wakiingia majini na watoto mgongoni. Katika misukosuko ya namna hiyo familia hutengana, na mtoto asiyesema akitengana na mama yake huwa amepoteza pia mkalimani wake wa pekee duniani. Hawezi kuandikishwa, kwa kuwa hana jina la kutupa. Ubao wa picha hapo una faida ambayo sisi wa mpakani tunaielewa kuliko watu wa bara: picha ya nyumba inayoungua haihitaji kutafsiriwa kutoka Kifuliiru kwenda Kirundi. Tusidanganyike tu kwamba picha zote huelewa kila mtu. Picha ya mkate kwa mtoto aliyekulia ugali haisemi "njaa," na picha ya askari mwenye bunduki, ambayo kwetu ni "msaada," kwa mtoto aliyetoka vitani yaweza kuwa na maana tofauti kabisa.

Kutengeneza ubao si jambo la gharama. Serikali ya jimbo la Aragón, Hispania, imeweka kwenye intaneti maelfu ya vijipicha vya bure vilivyochorwa na Sergio Palao, chini ya jina la ARASAAC, navyo huruhusiwa kuchapwa kwa matumizi yasiyo ya biashara. Karatasi ikiwekwa ndani ya plastiki hustahimili mvua na mate. Juu yake iandikwe, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa: jina la mwenye ubao, "Nasikia na kuelewa," namna anavyosema ndiyo na hapana, na namba ya simu ya ndugu. Usibaki mmoja, uwepo wa shingoni, na nakala nyingine kwa jirani au kwa nyumbakumi, ili ukipotea sokoni au kwenye mashua, mtu asikae kimya mpaka mwingine uchorwe. Na katika vikao vya abashingantahe, ambako neno la mtu ndilo uzito wake, tungefurahi kuuona ubao umewekwa katikati ya baraza na wazee wakisubiri kidole kifike.

Kwa upande wetu, wengi wetu tulipitia mafunzo bila kusikia habari hizi hata saa moja, na makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo. Mkipita kituoni na mtu asiyesema, semeni mapema, kabla hajaulizwa. Na endapo askari atataka kuchukua ubao, simu ya kusemea au karatasi ya picha pamoja na vitu vingine vya mifukoni, mwambieni kwa heshima kwamba vitu hivyo hukaguliwa palepale mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake. Asipokubali, ombeni kumwona mkuu wa kituo, na mwoneshe ukurasa huu.